Mshale Usiosema Yote: Historia ya Kuujua Mwendo Halisi wa Ndege

Mwaka 1732 mhandisi wa Kifaransa, Henri Pitot, alitumbukiza mirija miwili ya kioo katika mto Seine mjini Paris. Mmoja ulikuwa umenyooka. Wa pili ulikunjwa chini kwa pembemraba, mdomo wake ukiukabili mkondo. Katika ule ulionyooka maji yalipanda hadi usawa wa mto yakaishia hapo. Katika ule uliokunjwa yalipanda zaidi, kwa kuwa mkondo ulikuwa ukiyasukuma kutoka chini. Pitot akapima tofauti ya vimo hivyo viwili, akapiga hesabu, akaijua kasi ya maji bila kutupa kijiti mtoni wala kukimbia nacho ukingoni. Tarehe 12 Novemba mwaka huo alikieleza chombo chake mbele ya Chuo cha Kifalme cha Sayansi, akiongeza kwamba kingefaa pia kupimia mwendo wa meli.

Chombo hicho kiliumbua imani ya siku nyingi. Wataalamu wa enzi hizo walishikilia kwamba kadiri mto unavyozidi kina, ndivyo maji ya chini yanavyokwenda kasi. Pitot aliushusha mrija wake na kukuta kinyume: karibu na sakafu ya mto maji hupunguza mwendo. Alifariki mwaka 1771, miaka 12 kabla ya binadamu wa kwanza kupaa kwa puto huko huko Ufaransa. Hakuwa na njia ya kujua kwamba mrija wake ungekuja kufungwa kwenye karibu kila ndege duniani.

Nenda kiwanja chochote kidogo cha ndege utauona. Ni kijibomba chembamba, mara nyingi chini ya bawa, kinachoelekea mbele. Ndege ikiwa imeegeshwa, huvishwa kifuniko chenye utepe mwekundu ili nyigu wasije wakajenga humo. Rubani anayesahau kukivua hupaa bila kujua anakwenda kasi gani.

Mgandamizo unaojikusanya mdomoni mwa mrija hutegemea vitu viwili: mraba wa kasi, na uzito wa kile kinachopita. Katika mto, hilo la pili halina taabu, maana lita ya maji ya juzi na ya leo uzito wake ni mmoja. Hewa haiko hivyo. Waundaji wa vipimamwendo walilazimika kuchagua hewa moja ya kuwekea alama zao, wakachagua ya usawa wa bahari yenye joto la nyuzi 15, ambayo mita moja ya ujazo ina kilo 1.225. Ndege ikiwa ndani ya hewa hiyo mshale wa kipimamwendo husema kweli. Ikipanda, hewa huwa nyepesi, mrija hupokea msukumo mdogo, na mshale husoma pungufu. Katika futi 40,000 ndege hukata hewa kwa kasi inayokaribia mara mbili ya ile anayoiona rubani.

Kuujua upungufu huo kulihitaji watu wapande milima, wapande maputo, na wafike hadi Ziwa Victoria.

Tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme katikati ya Ufaransa akiwa na mrija wa zebaki. Pascal alikuwa amemwandikia kumwomba afanye jaribio moja: apime kimo cha zebaki chini mjini Clermont, kisha akipime tena kileleni. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya inchi 3 za Kifaransa za wakati huo, yaani sentimeta 8 na ushei. Périer na wenzake walistaajabu, wakarudia kipimo mara kadhaa, mahali penye upepo na mahali pa kujikinga. Ninayempenda zaidi katika kisa hiki, hata hivyo, ni mtawa mmoja aitwaye Padre Chastin. Yeye aliachwa bustanini mwa watawa mjini Clermont, akiutazama mrija wa pili kutwa nzima. Walioteremka kutoka mlimani walipomuuliza, aliwajibu kwamba zebaki yake haikusogea. Bila kazi hiyo ya kuketi na kutazama, mtu angeweza kudai kwamba hali ya hewa ilibadilika tu siku ile. Kwa jaribio hilo ikathibitika kwamba ukipanda, hewa iliyo juu yako inayokuelemea hupungua.

Joto ndilo lililobaki. Tarehe 16 Septemba 1804 Joseph Louis Gay-Lussac alipaa peke yake kwa puto kutoka Paris hadi mita 7,016. Chini alikoacha watu palikuwa na joto la kiangazi. Juu kipimajoto chake kilisoma nyuzi 9.5 chini ya sifuri. Gay-Lussac ndiye pia aliyekuwa amechapisha, miaka miwili kabla, kanuni ya namna gesi zinavyotanuka zikipata joto. Hapo hesabu yote ilikuwa imeshapatikana, ingawa hapakuwa na ndege ya kuitumia: mgandamizo ukipungua hewa huwa nyepesi, na joto likiongezeka hewa huwa nyepesi. Ukivijua viwili hivyo, umeujua uzito wa hewa uliyomo.

Karne moja baadaye, mwaka 1908, wataalamu wawili kutoka kituo cha Kijerumani cha kuchunguza anga, Arthur Berson na Hermann Elias, waliwasili Afrika Mashariki na shehena ya maputo na tiara za kubebea vipimo. Berson hakuwa mgeni wa mambo ya juu: mwaka 1901 yeye na Reinhard Süring walipaa kwa puto kutoka Berlin hadi karibu mita 10,800, wote wawili wakazirai kwa kukosa hewa, na wakateremka wakiwa hai. Katika Ziwa Victoria Berson na Elias hawakuhitaji kupanda wenyewe. Waliachia maputo yaliyobeba vyombo vya kujiandikia, na vyombo vilipopatikana vilileta habari ambayo Ulaya haikuitarajia. Juu ya ikweta, kilomita kama 17 au zaidi kwenda juu, kulikuwa na baridi iliyopita nyuzi 80 chini ya sifuri. Anga ya Ulaya huacha kupoa mapema, kwenye kilomita kama 11. Kwetu, ambako jua huipasha ardhi na kuiumua hewa mwaka mzima, hewa huendelea kupoa hadi kimo kikubwa zaidi. Walikuta pia upepo wa magharibi kwenye kilomita kama 20, mahali ambapo wengi waliamini kuna upepo wa mashariki pekee. Fumbo hilo lilikuja kufumbuliwa miaka ya 1960, ilipojulikana kwamba pepo hizo hubadilishana zamu katika mzunguko wa miaka miwili na kitu.

Safari hiyo ya Ziwa Victoria inastahili kufundishwa Mwanza, Kisumu na Entebbe. Ni moja ya nyakati ambazo anga yetu iliisahihisha sayansi ya dunia.

Wakati huo ndege zilikwishaanza kuruka. Wilbur na Orville Wright, tarehe 17 Desemba 1903, walikuwa na kipimaupepo cha Kifaransa ndani ya chombo chao. Safari ya kwanza ilidumu sekunde 12 na kufika mita 37 tu ardhini, yaani mwendo ambao mtu anayekimbia angeupita. Lakini upepo ulikuwa ukivuma usoni mwao, na Orville alieleza wazi kwamba, ukiuhesabu upepo ule, chombo kilikuwa kimekata hewa futi 45 kwa sekunde. Tangu siku ya kwanza, basi, kulikuwa na mwendo wa ardhini na mwendo wa hewani. Mwendo wa kwenye mshale ulikuja kuwa wa tatu pale ndege zilipoanza kupanda juu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, kila nchi ilikuwa na ndege zilizojaribiwa siku tofauti, katika joto tofauti, na kila mwundaji akisifia yake. Mtu angelinganishaje ndege iliyojaribiwa Januari na iliyojaribiwa Julai? Mfaransa Albert Toussaint alipendekeza jibu la kijasiri kwa wepesi wake: tukubaliane juu ya hewa ya kubuni. Chini iwe nyuzi 15, kisha ipoe nyuzi 6.5 kwa kila kilomita hadi kilomita 11, na hapo ikomee kwenye nyuzi 56.5 chini ya sifuri. Hakuna mji duniani wenye hewa hiyo kila siku. Lakini mataifa yalipoikubali katika miaka ya 1920, na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, likaipitisha kwa sura yake ya sasa mwaka 1952, marubani walipata kigezo kimoja cha kupimia hewa yoyote.

Hapo ndipo ulipozaliwa mwinuko wa msongamano. Swali lake ni hili: hewa hii niliyomo leo, kwa uzito wake, inafanana na hewa ya kimo gani katika ile anga ya Toussaint? Tuchukue kiwanja cha Wilson, Nairobi, chenye mwinuko wa futi 5,536. Kwa kigezo, hapo pangepaswa kuwa na nyuzi 4. Mchana wa jua kali kipimajoto kinasoma 27. Zimezidi nyuzi 23, na kila nyuzi moja ya ziada huongeza futi 120 hivi. Mgandamizo ukiwa wa kawaida, ndege iliyosimama chini inajikuta katika hewa ya futi 8,300. Injini yake inavuta hewa ya huko, na bawa lake linabebwa na hewa ya huko.

Kwa bawa mshale hausemi uongo. Bawa ni kama kasia: hupata nguvu kwa kile linachosukuma, na mrija wa Pitot huonja hicho hicho. Ndege inayokosa kubebwa mshale ukishuka chini ya noti 50 (noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa) kule Dar es Salaam, itakosa kubebwa kwenye noti 50 zile zile kule Nairobi. Ndiyo maana rubani hutua kwa kuufuata mshale popote alipo. Ila ardhi haiujui mshale. Anayeona noti 60 akitua Wilson mchana ule, magurudumu yake yanagusa lami kwa noti 68 kama hakuna upepo, na nguvu ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuimaliza imeongezeka kwa zaidi ya robo. Asiyejua hilo huona lami inaisha mapema na asielewe kwa nini.

Njiani upungufu huo hugeuka kuwa umbali. Rubani anayesafiri katika futi 10,000, nje kukiwa na nyuzi 10, mshale wake ukisimama kwenye noti 120, kwa kweli anakata hewa kwa noti 143. Tofauti ni noti 23. Akihesabu safari kwa mshale, baada ya saa tatu atakosea mahali alipo kwa karibu kilomita 128. Juu ya bahari, au juu ya nyika isiyo na reli wala barabara, kosa la namna hiyo hummaliza mtu mafuta akiwa bado anatafuta mji alioupita.

Mtu aliyeiweka hesabu hii mikononi mwa marubani ni Mmarekani Philip Dalton. Alihitimu Chuo Kikuu cha Cornell, akapita jeshini, kisha tangu 1931 akawa rubani wa akiba wa jeshi la majini. Mwaka 1933 alitoa duara lake la kwanza la kuhesabia. Msingi wake ulikuwa wa kale: mwaka 1614 John Napier alichapisha logarithimu, na baada yake William Oughtred akaonyesha kwamba rula mbili zenye alama za logarithimu, zikitelezeshwa ubavu kwa ubavu, huzidisha na kugawanya zenyewe. Dalton aliitumia rula hiyo katika umbo la duara, akakata ndani yake kijidirisha. Rubani huzungusha duara hadi nyuzi za joto la nje zikae mkabala na mwinuko wake. Bila kugusa kitu kingine, hutafuta mwendo wa mshale kwenye duara la ndani, na juu yake, kwenye duara la nje, husoma mwendo halisi. Dirisha jingine humpa mwinuko wa msongamano. Kazi nzima ni ya sekunde chache, kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye usukani.

Dalton aliendelea kukirekebisha chombo hicho akishirikiana na mwalimu wa uongozaji wa vyombo, P. V. H. Weems. Kuna toleo alilolitengeneza kwa mkanda wa kitambaa unaozungushwa ndani ya kisanduku, likapendwa na majeshi ya Jumuiya ya Madola. Jeshi la Marekani likaliona ghali. Akatengeneza jingine la bapa, duara upande mmoja na kibao cha kukokotoa upepo upande wa pili. Jeshi lililiita E-6B na kulipokea mwaka 1940. Katika miaka ya vita yalitengenezwa zaidi ya 400,000, mengi ya plastiki inayong'aa chini ya taa za urujuanimno za chumba cha rubani. Dalton hakuyaona yote hayo. Mwaka 1941 ndege ilianguka naye akiwa anamfundisha mwanafunzi namna ya kujinasua ndege inapozunguka ikianguka. Vijana wengi waliorudi salama kutoka juu ya Pasifiki na Ulaya walikuwa na hesabu yake mfukoni, na jina lake halitajwi hata robo ya linavyostahili.

Huku kwetu shule ya hewa nyepesi ilikuwa imeshafunguliwa. Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari kutoka London hadi Mwanza, na mwaka uliofuata ikaendelezwa hadi Cape Town, kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Tazama ramani ya vituo hivyo: Nairobi iko juu ya mita 1,600, Mbeya vivyo hivyo, na Dodoma juu ya mita 1,100, yote chini ya jua la tropiki. Ndege zilizotosheka na kiwanja kifupi kule Uingereza zilihitaji njia ndefu zaidi huku. Ndiyo sababu ya kawaida ya kupaa alfajiri katika nyanda zetu za juu, desturi ambayo marubani wa ndege ndogo wanaifuata hadi leo.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, Comet ya shirika la BOAC, iliondoka London ikapita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone hadi Johannesburg. Barabara ya kwanza ya jeti duniani, basi, ilipita Uganda. Comet iliruka juu ya futi 35,000, na huko hesabu ya Dalton ilipata taabu mpya. Ndege inayokwenda kasi hivyo huibana hewa iliyo mbele ya kipimajoto hadi ikapata moto, na kipimajoto husoma zaidi ya nyuzi 20 juu ya joto la kweli. Ilibidi joto lenyewe lisahihishwe kwanza ndipo lisahihishe mwendo. Zaidi ya hayo, kwenye kimo cha safari za jeti hewa ya kwetu mara nyingi ni ya joto kuliko kigezo cha Toussaint kisemavyo, jambo ambalo halipingani na yale maputo ya mwaka 1908: baridi yao kali ilikuwa juu zaidi ya hapo. Taratibu kazi hiyo ikahamishiwa kwenye kompyuta za ndani ya ndege, zinazopokea mgandamizo na joto na kutoa mwendo halisi papo hapo.

Kompyuta, hata hivyo, haikuwapa viwanja vyetu hewa nzito. Ndiyo maana Waingereza waliiunda Vickers VC10, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1962, mahususi kwa viwanja vya joto na vya juu kama Nairobi na Johannesburg. Injini zote nne zilipelekwa mkiani ili bawa libaki wazi, lifanye kazi kwa urefu wake wote. East African Airways, shirika la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, lilinunua Super VC10 tangu 1966 na kuzirusha hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977. Wengi huzikumbuka kwa uzuri wake na kwa mngurumo wake. Umbo lile lote lilikuwa jibu la swali la hewa ya Embakasi, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi.

Marubani wana njia ya kukadiria kichwani: kwa kila futi 1,000 za mwinuko wa msongamano, ongeza asilimia 2 ya mwendo wa mshale. Inafaa kwa haraka, lakini huzidisha kidogo katika vimo vya chini. Kwenye mfano wetu wa futi 10,000 ingekupa noti 148 badala ya 143, na katika kuhesabu mafuta noti 5 za bure zisizokuwepo ni jambo la hatari. Wala setilaiti haziondoi haja ya hesabu hii. Kifaa cha GPS huonyesha mwendo wa ardhini, upepo ukiwa umeshachanganywa humo; bila kuujua mwendo halisi wa hewani huwezi kujua ni kiasi gani ni cha ndege na kiasi gani ni cha upepo.

Katika fomu ya kimataifa ya mpango wa safari ya ndege, kipengele cha 15 humtaka rubani ajaze mwendo atakaosafiri nao. Kinachotakiwa pale ni mwendo halisi. Rubani wa mfano wetu ataandika N0143.